Ni hili baridi tu

Kwenye simu yangu kuna grupu moja la WhatsApp, picha yake ni gunia la viazi. Lumbesa kabisa, limeshonwa kamba mpaka juu limevimba kichwa, mtu akinichungulia simu kwenye daladala anajua huyu lazima ni dalali wa Uyole. Wala. Mi viazi nanunua kwa ndoo kama mtu mwingine yeyote hapa Mbeya, na kumenya kwenyewe huwa nasubiri nione nani ataanza.

Grupu lilianzishwa na jamaa mmoja alikuwa anauza viazi mbegu, akatuunga watu zaidi ya mia kutoka huku kote nyanda za juu kusini, biashara ikaenda msimu mmoja, ikaenda wa pili, halafu jamaa akabadilisha namba na mpaka leo hatujamsikia. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, tukabaki saba ambao nadhani tulikuwa wavivu tu wa kutoka. Jina halijabadilishwa wala picha haijabadilishwa maana admini ndo huyohuyo aliyepotea. Na viazi hatuviongelei kabisa. Tunaongelea hali ya hewa, tivii na magonjwa, basi, na kama umekaa huku milimani muda wa kutosha utajua hayo mambo matatu kwetu ni kitu kimoja.

Majina ya watu hatuyatumii sana. Mtu anaitwa kwa anakotoka: Njombe, Tukuyu, Mafinga, Tunduma. Mimi naitwa Jiji, kwa kejeli, kwa sababu eti watu wa Mbeya tukipewa jiji tukaanza kuringa. Mwalimu wa Kyela peke yake hatumwiti Kyela hivihivi, ni mtu mzima, mstaafu, kila asubuhi shikamoo zinapangwa sita na yeye anazijibu zote kwa marahaba moja, "marahaba wanangu, hamjambo na barafu zenu". Halafu yuko Nesi wa Iringa mjini, ambaye na yeye Iringa yake imeshasahaulika, ni Nesi tu.

Anayefungua siku ni dada wa Njombe. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, "Kamwene!", na baada ya hapo taarifa ya hali ya hewa ambayo haihitaji mtambo wowote. "Kamwene, leo mikono haishiki kikombe." "Kamwene, maji ya kwenye ndoo yamekuwa magumu juu." Siku moja alituma picha ya majani ya viazi vya jirani yake yameungua na barafu, yale majani yanakuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto, na chini yake akaandika tu "ndo hivo". Mwalimu naye anajibu kutoka kule chini kwamba yeye kalala na feni na mbu wamemkaba usiku kucha. Akitusoma mgeni atasema hawa mmoja wao yuko nchi nyingine. Hapana, ni kanda hiyohiyo. Kyela iko chini kabisa ziwani, ziwa Nyasa lenyewe liko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Njombe iko karibu mita 2,000, na kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kama nyuzi sita na nusu. Piga hesabu. Ni tofauti ya nyuzi kumi kabla hata upepo wa Njombe haujaingia kwenye hesabu, na ule upepo bhana unatakiwa uwe na hesabu yake.

Tukuyu yuko katikati ya hao wawili na yeye kazi yake ni mvua. Mvua yote inayotoka ziwani ikipanda mlima Rungwe inamwagikia kwake, mlima una mita 2,960 hauwezi kuirukisha, kwa hiyo kule watu wanapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na nguo zinakaukia juu ya jiko. Mama wa Tukuyu ana migomba na chai kidogo, na msemo wake ukimwambia pole na mvua ni "ndaga fijo, ndo inatulisha", yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Siwezi kubishana naye, ndizi zake nimekula.

Kitu kimoja kinachotuunganisha wote saba ni hasira juu ya utabiri wa kwenye tivii. Sio kwamba wanakosea, siku hizi wanapatia sana tu. Tatizo ni ile masika na vuli. Kila mwaka mtangazaji anasimama anasema mvua za vuli hivi, mvua za masika vile, na sisi huku tumekaa tunasubiri zamu yetu, maana sisi hatuna vuli wala masika, tuna mvua moja tu inaanza Novemba inaisha Aprili au Mei huko, wataalamu wanaiita Msimu, hata jina lenyewe utafikiri waliishiwa majina. Kipupwe ndo chetu. Juni mpaka Agosti wakitaja kipupwe lazima watutaje, na siku hiyo Mafinga, ambaye ni dereva wa lori la mbao na anaongea kwa voisi tu na injini inaunguruma nyuma, anatuma "jamani tumetajwaaa".

Sasa mvua na tivii. Hapa ndo penye uchungu.

Dar mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na sisi Mbeya ikatufikia 2013, kila mtu akaambiwa anunue king'amuzi. Tukanunua. Waliokaa mabondeni ambako mlima unakata mawimbi ya antena wakanunua cha dishi. Hakuna aliyetuambia habari ya dishi na mvua. Fundi mmoja pale Mwanjelwa ndo alinieleza miaka mingi baadaye, kashika spana mdomoni, kwamba setilaiti iko juu kama kilomita 36,000 na mawimbi yanasafiri yote hayo bila shida, yakifika hapa juu ya mabati yetu yanakutana na mvua kubwa, na yale mawimbi ya madishi madogo ni mafupi mno, matone yanayameza. Akasema yale madishi ya zamani makubwa kama ungo wa kupepetea mahindi ya ukoo mzima yalikuwa yanatumia mawimbi marefu zaidi, mvua ilikuwa haiyasumbui sana. Kwa hiyo maendeleo yametuletea dishi dogo, picha kali, na chaneli mia, isipokuwa kuanzia Desemba mpaka Aprili ikifika jioni.

Tarehe 21 Januari 2024, siku ya Jumapili. Taifa Stars na Zambia, AFCON kule Ivory Coast, saa mbili usiku. Naomba niieleze hii taratibu. Tangu tushiriki mara ya kwanza mwaka 1980 tulikuwa hatujawahi kushinda hata mechi moja ya fainali zile, hata moja, na dakika ya 11 tu Msuva akafunga. Grupu la viazi lililipuka. Mwalimu, mtu wa shikamoo, aliandika kwa herufi kubwa mstari mzima wa A. Halafu dakika ya 44 mchezaji wa Zambia anaitwa Kabwe akala kadi nyekundu, mi nikaandika "Kabwe katolewa" na Mafinga akajibu kwa voisi "Kabwe ipi, ya Mwanjelwa? Sasa daladala zitageuzia wapi?" Tulicheka mpaka mapumziko. Tunaongoza, wao pungufu, Januari, na nje nasikia bati linaanza kuongea.

Tukuyu ndo alipotea wa kwanza. "Kwangu imeandika hakuna signo." Dakika ya sitini na kitu ikaja kwangu, picha ikaanza kugandaganda, mchezaji mguu juu, mchezaji hana kichwa, halafu ile bluu. Nikatoka na mwavuli kwenda kulitikisa dishi, kitu ambacho fundi alishaniambia hakisaidii, nikarudi nimelowa na bluu iko palepale. Njombe umeme wenyewe ulishakatika. Iringa kulikuwa kukavu lakini Nesi alikuwa zamu. Tukabaki tunamtegemea Mwalimu, na Mwalimu anaangalia kwa simu ya mjukuu, na bando lilikuwa la mawazo.

Ndo akaja Tunduma. Huyu kijana ana kibanda chake karibu kabisa na mpaka, ng'ambo ni Nakonde, Zambia, kelele za kule anazisikia kama za jirani. Tivii yake na yeye ilikuwa imekata. Akaandika, "Ngojeni niwasikilizie." Yaani watu wazima tumekaa kwenye giza la mvua, mikoa minne, tunamsubiri mtu asikilize Zambia kwa masikio. Dakika zikaenda. "Kimya." Zikaenda tena. "Bado kimya, kimya kizuri." Mi nikaanza kuamini. Halafu haikuja meseji kama dakika nzima, ikaja moja tu: "Nakonde wamepiga kelele."

Hakuna aliyeuliza kelele za nini. Daka, dakika ya 88. Moja moja mpaka mwisho. Mama wa Tukuyu akaandika "ni hii mvua", kana kwamba ingekuwa kavu tungeona na tungeona tungezuia.

Nimeitaja hiyo kwa sababu ndo tabia yetu. Huku kila kitu ni mvua au ni baridi. Kachelewa kazini, ni baridi. Mkate haujaumuka, ni baridi. Mafinga lori halijawaka asubuhi, ni hili baridi. Kiukweli mara nyingi ni kweli ni baridi, ndo maana tumezoea.

Mwaka huo walikuwa wanaonyesha tamthilia ya Kituruki iliyowekwa sauti za Kiswahili, wale Waturuki wanaongea Kiswahili cha adabu kuliko sisi, na grupu zima lilikuwa linaifuata. Utaratibu ulikuwa hivi: Tukuyu anaanza kuangalia, mvua inamkatia pale mama mkwe anapofungua barua, Nesi anamalizia kumhadithia kwa voisi ya dakika saba. Zile voisi zilikuwa bora kuliko tamthilia. Anaigiza mpaka mlango unavyofungwa. Mwalimu ambaye alikuwa anasema hizo ni za akina mama tulikuja kugundua anazisikiliza zote, tulimkamata kwa zile tiki za bluu.

Magonjwa yako hivyohivyo, yanaingia kati ya barua na mama mkwe. Mtu anaandika "jana alikuwa anajua kila kitu yule, halafu presha yangu imesoma 150 kwa 95". Wengi wetu tumenunua zile mashine za kupimia nyumbani, na kwa muda tulikuwa tunatumiana namba asubuhi kama matokeo ya ligi. Nesi alivumilia wiki kama mbili. Siku ya tatu ya wiki ya tatu akatupa voisi isiyo ya tamthilia. Nani kati yenu anakaa dakika tano kabla ya kupima? Kimya. Nani anavua sweta? Kimya. Mafinga wewe unapima umetoka kusukuma lori, umevaa jaketi mbili, umekunywa chai ya rangi nyeusi kama lami, halafu unaniuliza kwa nini imepanda. Kaa, miguu chini, mkono wazi bila nguo, usiongee. Na akaeleza kwamba baridi yenyewe inaibana mishipa, kwa hiyo mtu wa huku namba zake za Julai zinaweza kuwa juu kuliko za Desemba, ikisoma 140 kwa 90 au zaidi siku tofautitofauti usibishane na mashine, nenda kliniki. Mwalimu akaandika "ahsante mwanangu" na kesho yake akatuma 128 kwa 80 na picha ya miguu yake iko chini, pekupeku, kwenye sakafu ya Kyela yenye joto. Tulimchukia kidogo.

Mafua ndo hatuna hata haja ya kuyasema, kila mtu na tangawizi yake. Kuna ugomvi mmoja tu haujaisha, Tunduma na vile vidonge vya rangi mbili ambavyo ananunua vinne duka la dawa kila akipiga chafya, Nesi ameshamwambia mafua ni virusi na dawa ya bakteria haivigusi, na nusu dozi inawafundisha tu bakteria kuizoea dawa. Anasema "sawa dada". Kesho anapiga chafya.

Sasa niseme ile ya Julai, maana ndo iliyonifanya nianze kuandika hii.

Ilikuwa Jumamosi. Usiku uliopita tamthilia ilikuwa imefika pabaya sana, mtoto kajulikana sio wa baba, kwa hiyo asubuhi grupu limeamka na moto wake. Njombe hakutoa Kamwene. Hakuna aliyeona. Watu tumeingia moja kwa moja kwenye mtoto ni wa nani. Kama saa moja na nusu hivi ikapita meseji yake katikati ya zetu, nimeirudia mara nyingi naikumbuka yote: "Jamani leo kichwa kinanipasuka na mtoto naye anatapika, tumeamka hovyo."

Nimehesabu baadaye. Majibu manne. "Pole dada ni hili baridi." Hiyo ilikuwa ya kwangu. "Pole, mpe maji ya uvuguvugu." "Pole mwaya, meza panadol mlale tena." Mafinga akatuma voisi, pole dadangu, kule kwenu jana ilikuwa mbaya nimepita usiku na lori kioo kimeganda, na humohumo kwenye voisi akahamia kwa mtoto wa tamthilia. Na sisi tukamfuata. Tunduma alisema labda malaria na Mwalimu akamcheka, malaria Njombe na barafu ile, mbu gani huyo kavaa koti.

Nesi alikuwa anatoka zamu ya usiku. Anasema alikuwa amesimama kituoni anasubiri bajaji, anasoma kuanzia juu huku anacheka, akafika pale. Hakuandika kwenye grupu. Alipiga. Alivyotuhadithia, hakuuliza habari hata, aliuliza, "Jiko liko wapi?"

Jiko la mkaa lilikuwa chini ya meza, chumbani. Dirisha lilikuwa limezibwa na gunia kwa sababu ya upepo, chini ya mlango kitenge kimekunjwa. Alikuwa ameliingiza saa tatu usiku baada ya kupikia, mkaa umeshakuwa mwekundu, hauna moshi hata kidogo, na huku sote tumekuzwa na kauli kwamba mkaa ukishaisha moshi hauna shida. Walikuwa wamejilaza tena yeye na mtoto. Wamemeza panadol, kama tulivyomwambia.

Nesi akamwambia fungua mlango sasa hivi, usivae, mchukue mtoto mkae nje. Anasema alimsikia anagonga vitu, miguu haimshiki. Akaendelea kuongea naye mpaka jirani akatokea na wakapakiwa kwenye bodaboda kwenda kuwekewa oksijeni. Mpaka jioni wamerudi nyumbani wote wawili, mtoto anadai chipsi.

Alichotueleza Nesi baadaye ni kwamba mkaa ukiungua pasipo na hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haikufanyi hata ukohoe. Ikiingia kwenye damu inashika pale oksijeni inapotakiwa kukaa, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, kwa hiyo mtu anapumua vizuri kabisa na mwili unakosa hewa. Kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi, na ule usingizi ndo mbaya. Nikamuuliza ulijuaje sasa, kwa meseji moja? Akasema, watu wawili, nyumba moja, asubuhi moja, kichwa kimoja, hajasema homa hata mara moja. Na ni Julai na ni Njombe. Ingekuwa baridi mtoto angekuwa na kamasi.

Mi na ile "pole dada ni hili baridi" yangu nilikaa nayo siku kadhaa. Sio kwamba nilisema uongo, na hapo ndo panaponikera. Baridi ndo iliyoingiza jiko ndani. Baridi ndo iliyoziba dirisha. Nilipatia kabisa, na jibu langu lilikuwa halifai kitu.

Njombe hakutulaumu. Jumatatu saa kumi na moja na nusu, "Kamwene, nasikia mtoto ni wa yule dereva?" Akataka ahadithiwe sehemu aliyoikosa. Nesi akamtumia voisi ya dakika tisa, ndefu kuliko zote alizowahi kutuma, na mlango aliufunga mara mbili.

Kilichobadilika ni kidogo. Kuanzia Juni, usiku, tamthilia ikiisha au dishi likikata, kimojawapo, Nesi anaandika maneno mawili, "Majiko nje." Kila mtu anajibu, hata Mwalimu ambaye Kyela akiingiza jiko chumbani wanawe watampeleka kwa daktari wa akili. Tunduma anatuma stika ya moto. Mafinga anajibu kutoka barabarani "mi nalala kwenye lori, jiko langu injini", akaambiwa na hiyo izime, hiyohiyo gesi inatoka kwenye ekzosi, akakasirika kidogo, akaizima.

Jana Njombe alijibu kwa picha. Giza, ukuta, jiko liko nje barazani mkaa umeshakuwa majivu, na juu yake karibu kabisa amejikunja paka, mkia umefunika pua.

"Liko nje," ameandika, "ila limepata mpangaji."